BWAWA, SAMAKI NA SIKU YA MAPUMZIKO
Somo kwa Matawi



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengine wataliona dogo: kwenda bwawani siku ya Jumapili, kuvua samaki na kupumzika. Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, kiinua mgongo na mashauri ya wenzetu waliofukuzwa kazi. Lakini tumeombwa tuandike juu ya bwawa, na walioomba wana sababu. Kwanza tutaieleza sababu hiyo, ndipo tuingie katika somo lenyewe.

Wenzetu wengi katika mashamba ya miwa huko Busoga na Bunyoro ni watu wa West Nile. Wametoka Arua, Koboko, Yumbe na Nebbi, wakavuka Nile kwa daraja la Pakwach, wakaenda kutafuta mshahara mbali na kwao. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kuluba, kule kaskazini ya Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Kongo. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya wazazi wake. Alikuwa mkata miwa.

Jumapili moja, baada ya siku sita za panga na jua, alikwenda na wenzake wanne kwenye bwawa la kumwagilia miwa lililomo ndani ya shamba. Walichukua ndoana, mshipi na minyoo ya chambo. Yeye alisimama juu ya ukingo wa saruji karibu na mlango wa maji, maana samaki hupenda kukusanyika hapo. Saruji ilikuwa na ukoga. Mguu ukateleza. Katika wale wanne hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea, na pale ukingoni hapakuwa na kamba wala gogo. Walipiga kelele tu. Maiti ilipatikana Jumatatu asubuhi, maji yalipopunguzwa.

Tulipokwenda ofisini kumsemea, tuliambiwa kwamba hakuwa kazini, kwamba siku ile ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba hakuwa na ruhusa ya kuvua. Tulipofungua mapatano yetu na mwajiri, hatukukuta hata mstari mmoja uliotaja bwawa. Basi wafanyakazi wakachanga fedha za sanduku na gari, nasi tukafuatana na maiti mpaka Kuluba.

Baada ya mazishi, mzee mmoja wa ukoo, ndugu wa baba yake, alituita kando akasema: "Wanangu, mmefanya vizuri kutuletea mtoto. Lakini nawauliza nyinyi watu wa chama. Alipokuwa kazini mlikuwa pamoja naye. Alipokuwa akipumzika, chama kilikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu zuri. Somo hili ndilo jibu tunalodaiwa na mzee yule.

1. SIKU YA MAPUMZIKO IMETOKA WAPI?

Wako watu wanaofikiri kwamba Jumapili ni zawadi ya mwajiri. Sivyo. Siku ya mapumziko ilidaiwa na wafanyakazi wa nchi nyingi kwa migomo na kwa mazungumzo ya miaka mingi, mpaka ikaandikwa.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 14. Mkataba huo unasema kwamba mfanyakazi wa kiwandani, katika kila siku saba, apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Angalieni: ulisema kiwandani. Watu wa mashamba makubwa hawakuingizwa. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1958, ulipopitishwa Mkataba namba 110 wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, ndipo nao wakaandikiwa mapumziko ya kila wiki. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1948, Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilisema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi asilazimishwe kufanya kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupata mapumziko ya saa 24. Tena saa za kawaida za kazi zisizidi 48 kwa wiki, na likizo ya mwaka ihesabiwe kwa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi.

Basi haki ya kupumzika tunayo. Lakini haki iliyoandikwa haimpi mtu mahali pa kukaa. Mfanyakazi anayeishi kambini, mbali na kwao, anapumzika wapi? Wengi wana njia mbili tu: kulala chumbani au kwenda kwenye pombe. Kwa hiyo bwawa lililo karibu lina maana kubwa. Pale mtu hupata upepo, kivuli, mazungumzo na wenzake, na jioni huenda akarudi na kitoweo. Samaki wawili juu ya posho ni afadhali kuliko maharage ya kila siku, na fedha ya mboga hubaki mfukoni.

2. BWAWA SI KIJITO

Sisi tuliokulia katika nchi kama ya Kuluba tumezoea vijito. Wakati wa kiangazi kijito hufika magotini na mawe ya chini yanaonekana. Mvua ikinyesha kinajaa na kuvuma, nasi twajua kukaa mbali. Hata Mto Kaya ulio mpakani humwonya mtu kwa sauti yake. Bwawa halina sauti. Limetulia kama ua wa nyumba, na utulivu huo ndio unaowadanganya wageni. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Tueleze bwawa lilivyo. Watu huchagua bonde lenye kijito, wakajenga tuta la udongo au ukuta wa saruji kukata njia ya maji. Maji yakarudi nyuma na kujaza bonde. Kwa hiyo yafaa tujue mambo manne:

Kwanza, sehemu yenye kina kirefu mara nyingi haiko katikati, bali iko karibu na tuta. Pale ambapo mtu husimama kwa urahisi ndipo penye hatari zaidi.

Pili, chini ya maji bado ipo njia ya kijito cha zamani. Mtu anatembea maji yakiwa kiunoni, ghafula hatua moja inampeleka penye kina cha kumpita kichwa.

Tatu, udongo wa kujengea tuta huenda ulichimbwa pale pale ndani ya bonde. Mashimo yale sasa yamejaa maji na tope, wala hayaonekani.

Nne, mlango wa maji huvuta. Ukifunguliwa, maji hukimbilia pale kwa nguvu ambayo hata mwogeleaji hodari hawezi kushindana nayo. Tena maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa amri ya mtu wa pampu. Mahali palipokuwa pakavu wiki iliyopita huenda leo ni utelezi mtupu.

Mambo haya hayaandikwi mahali popote ukingoni. Msimamizi wa maji anayajua, mkata miwa hayajui. Hiyo ni kasoro ya kwanza tunayopaswa kuiondoa.

3. FUNZO LA NYUMBA YA MUNGU

Tumesema juu ya mtu. Sasa tuseme juu ya samaki, maana bwawa lisilo na samaki hupoteza nusu ya faida yake. Tutachukua mfano wa jirani zetu Tanzania, kwa sababu habari za bwawa hilo ziliandikwa vizuri, na wenyeji wake wengi ni wakulima na wafanyakazi kama sisi.

Kusini ya mji wa Moshi liko Bwawa la Nyumba ya Mungu. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 ili kuzuia maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, yaani mwanzo wa Mto Pangani, yatumike kwa umeme na kwa kilimo. Likijaa, eneo lake ni karibu kilomita za mraba 150. Kaskazini yake, kule Arusha Chini, lipo shamba kubwa la miwa la TPC. Bwawa halikujengwa kwa ajili ya samaki. Samaki walikuja kama faida ya pembeni.

Na faida hiyo ilikuwa kubwa ajabu. Bwawa jipya lina tabia yake: majani, vichaka na mboji vilivyofunikwa na maji huoza, na uozo huo huwa chakula cha mimea midogo ya majini inayoliwa na samaki. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza samaki huzaliana kwa wingi. Habari zikaenea. Wavuvi wakaja kutoka mbali, vijiji vikaota kandokando ya maji, na samaki wakavukizwa na kupakiwa malorini. Mwaka 1970 peke yake walivuliwa kiasi cha tani 28,000.

Kisha mambo yakabadilika. Kila mvuvi alipoona samaki wakubwa wamepungua, alichukua wavu wenye matundu madogo zaidi ili naye asikose. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Baada ya miaka michache tu mavuno yalikuwa yameshuka mpaka tani elfu chache. Ni kweli kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na ile mboji ya kwanza kwisha, na hilo hakuna mvuvi angeweza kulizuia. Lakini wavu mdogo haukutoka mbinguni. Bwawa lile liliendelea kusumbuliwa na uvuvi wa nyavu ndogo kwa miaka mingi baadaye, na mwaka 2016 serikali ya mkoa ilitangaza kulifunga kwa uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane tena.

Wavuvi wale hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha, na kila mmoja alisema moyoni: nikiacha mimi, mwingine atachukua. Hayo ndiyo maneno yale yale anayosema mfanyakazi anayekubali kazi kwa mshahara wa chini kuliko ule tuliopatana. Naye husema, nikikataa mimi, mwingine atakubali. Mwisho wa maneno hayo wote hupata kidogo. Dawa yake ni moja tu, kukaa pamoja na kupatana kabla samaki hawajaisha.

4. HESABU YA NGEGE

Ili tupatane vizuri, tumjue samaki mwenyewe. Katika mabwawa yetu samaki anayejulikana zaidi ni ngege. Wenzetu wa Tanzania humwita perege au sato.

Dume la ngege huchimba kiota kama sahani kwenye udongo, mahali penye maji machache karibu na ukingo. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai mdomoni mwake. Huyatunza humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga vikianza kuogelea, vikiona hatari hurudi kujificha katika mdomo wa mama. Jike moja linaweza kubeba mayai mia kadhaa. Basi anayekokota wavu ukingoni huvunja viota, na anayelitoa jike wakati huo ametoa familia nzima.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano. Mtu mmoja amevua kwa chandarua samaki wadogo 20, kila mmoja ana uzito wa gramu 25. Wote pamoja ni nusu kilo. Hao ni wa kukaanga mara moja tu, na miiba ni mingi kuliko nyama. Kama angewaacha wakue mpaka kila mmoja awe robo kilo, 20 hao wangekuwa kilo tano. Tuseme nusu yao wameliwa na ndege, fisimaji na kambare. Waliobaki ni 10, yaani kilo mbili na nusu. Ni mara tano ya kile alichopata, bila kazi yoyote ila kungoja.

Tusidhani tena kwamba kutovua kabisa ndiyo hekima. Ngege akiachwa peke yake katika bwawa dogo huzaliana mno, chakula hakitoshi, nao wote hudumaa. Utaona samaki wa kiganja wenye mayai tayari. Kwa hiyo bwawa dogo linataka kuvuliwa, lakini kwa utaratibu. Ndoana na mshipi ni vyombo vizuri kwa mtu wa mapumziko: vinachukua kidogo, havivunji viota, na samaki mdogo aliyenaswa anaweza kurudishwa majini akiwa hai.

Kuna jambo moja tusilolionea haya kulikemea. Wapo wanaotia majini utupa au dawa ya kuua wadudu wa shambani. Samaki huelea juu kwa dakika chache na watu hufurahi. Lakini sumu haichagui. Inaua vifaranga na chakula cha vifaranga, tena dawa ya shambani huingia katika mwili wa anayekula. Sheria inakataza, na chama pia kinakataza. Mwanachama atakayeshikwa kwa sumu asitegemee tumtetee kwamba ameonewa.

5. KICHOCHO

Adui mwingine wa bwawani haonekani kwa macho. Ndugu zetu wa kandokando ya Nile na Ziwa Albert, kuanzia Panyimur mpaka Rhino Camp na Obongi, wanamjua. Ni kichocho.

Ugonjwa huu huenda kwa mzunguko. Mtu mgonjwa anajisaidia au kukojoa majini au ukingoni. Mayai ya mnyoo yanaingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinaingia katika konokono wadogo wanaokaa penye majani ya majini. Vikikomaa hutoka kwa konokono, hasa wakati wa mchana jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyeingia majini. Hapana haja ya kunywa maji hayo. Kutia miguu kunatosha.

Aina moja huleta damu katika mkojo. Aina nyingine huumiza tumbo, huleta damu katika choo, na baada ya miaka huharibu ini na kulijaza tumbo maji. Mfanyakazi huona nguvu zake zinapungua, na nyapara humwita mvivu. Kumbe ni mgonjwa. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, na tangu mwaka 2003 serikali ya Uganda imekuwa na mpango wa kuvigawa katika sehemu zenye ugonjwa huo. Lakini anayetibiwa leo na kurudi maji yale yale kesho ataugua tena.

Kuzuia ni kuukata mzunguko. Choo kijengwe karibu na mahali pa kuvulia, lakini mbali na maji, ili mtu asione taabu kukitumia. Majani ya ukingoni yafyekwe penye njia ya kushukia. Mtu avue akiwa ukingoni palipo salama, asiingie majini, na kama ni lazima kuingia avae mabuti ya mpira. Kumla samaki aliyepikwa hakuleti kichocho. Wasiwasi huo tuuache.

6. MWENZETU AKIANGUKA MAJINI

Kijana wa Kuluba alikuwa na wenzake wanne. Walimpenda, wala hawakukimbia. Walichokosa ni kamba na maarifa. Basi kila tawi lifundishe haya:

Asiyejua kuogelea asiruke majini kumfuata anayezama. Anayezama hushika chochote kwa nguvu zote, na mara nyingi hufa wawili. Lala kifudifudi ukingoni, umnyoshee mti mrefu, au umtupie kamba. Kama kamba hakuna, tupa jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko vizuri. Jerikeni ya lita 20 huelea na inaweza kumshikilia mtu mpaka msaada ufike. Jerikeni haikosekani kambini. Kila kundi liendalo kuvua libebe moja, iwe na kamba mkononi mwake.

Akitolewa, msimning'inize kichwa chini wala msimbingirishe juu ya pipa. Hayo yanapoteza wakati. Kama hapumui, mlazeni chali, inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni mara tano, kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, halafu pumzi mbili, mkiendelea hivyo bila kuacha huku mwingine akikimbilia gari. Mwombeni mganga wa zahanati ya shamba aje siku moja awafundishe kwa mikono, maana kusoma peke yake hakutoshi.

7. KAZI YA TAWI

Sasa tumjibu mzee. Chama kinapaswa kuwa wapi mfanyakazi anapopumzika?

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 humlipa aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa katika kazi. Aliyeteleza Jumapili akivua samaki ni vigumu kumwingiza humo. Kwa hiyo kukaa tukilalamika kwamba sheria ni mbaya hakutamsaidia mtu. Njia yetu ni kuliingiza bwawa katika mapatano ya chama na mwajiri, kabla ya ajali.

Mwajiri naye ana hoja zake, na tuzisikilize. Anaogopa pampu zake kuzibwa na nyavu, tuta kuchimbwa na watafuta minyoo, na maji kuchafuliwa. Hizo ni hoja za kweli. Basi tukienda mezani twende na kitu mkononi. Tawi liseme: sisi tutaunda kamati ya bwawa ya watu watano, tutaandika majina ya wavuvi, tutalinda tuta, tutakataza nyavu na sumu. Nawe mwajiri utafanya haya:

(a) Utatenga sehemu ya ukingo yenye maji machache na mteremko wa polepole, mahali pa watu kukaa na kuvua.
(b) Utazungushia ua mlango wa maji na ukuta wa saruji, na kuweka mabango ya hatari kwa lugha ambazo wafanyakazi wanazisoma, Kiswahili kikiwamo.
(c) Utaweka kamba na maboya ukingoni, yakaguliwe kila mwezi na kamati pamoja na msimamizi.
(d) Utajenga choo, na zahanati ya shamba itapima kichocho.
(e) Utakubali kwa maandishi gharama za kumsafirisha marehemu mpaka kwao, akifa kazini au akifa kambini siku ya mapumziko.

Jambo moja tuwe nalo macho. Tusikubali mapumziko yetu yawe chini ya amri ya mwajiri, aseme nani aende bwawani na nani asiende kwa kuwa hakumaliza mistari yake ya miwa. Shirika la Kazi Duniani lilipozungumza juu ya wakati wa mapumziko mwaka 1924 liliona hatari hiyo, likasema uhuru wa mfanyakazi ulindwe katika kuutumia wakati wake. Bwawa lisiwe fimbo nyingine ya nyapara.

Nanyi mtakaorudi likizo nyumbani, somo hili mlibebe mpaka Kuluba. Kule nako watu huchimba vidimbwi vya samaki, na mashimo ya udongo wa matofali hujaa maji ya mvua. Watoto hucheza pale. Waulizeni wazee: shimo hili ni la nani? Nani atalizungushia miiba? Samaki wa kidimbwi hiki watavuliwa lini, na kwa wavu gani? Mahali ambapo hakuna anayejibu, ndipo pa kuanzia kikao.

Katika shamba lile alilokufa mwenzetu mazungumzo yalichukua muda mrefu. Fidia hatukuipata, na wazazi wake wanajua hivyo kwa sababu tuliwaambia wenyewe. Lakini ua umewekwa kwenye mlango wa maji, kamba mbili zimetundikwa ukingoni, na kamati ya bwawa inakutana kila mwisho wa mwezi. Wawili katika wale wanne waliokuwapo siku ile wamo katika kamati. Gharama za kusafirisha maiti bado tunazidai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Wanachama wetu hupumzika wapi siku yao ya mapumziko? Mahali hapo pana hatari gani, na ni nani anayezijua?
2. Je, mapatano yetu na mwajiri yanataja mapumziko, maji, au usafirishaji wa marehemu? Katibu asome kifungu hicho kwa sauti mbele ya mkutano.
3. Kwa nini wavuvi wa Nyumba ya Mungu walichukua nyavu ndogo ingawa walijua samaki wanapungua? Sisi tunafanya jambo gani linalofanana na hilo kazini?
4. Ni wanachama wangapi katika tawi wanaojua kuogelea? Ni wangapi wanaojua kumsaidia aliyetolewa majini? Waandikwe majina, wawafundishe wengine.
5. Kama yule mzee wa Kuluba angekuja katika mkutano wenu leo na kuuliza swali lake, mwenyekiti angemjibu nini?

Tawi litakalomaliza somo hili liandike majibu yake na kuyapeleka kwa katibu wa elimu, ili yafikiriwe tutakapokaa na waajiri.